Muuaji Katajwa Sehemu ya Saba: Kisa cha Kibanda Umiza cha Kibirizi

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, samaki wapate kuzaana. Wavuvi wa Kigoma wakavuta mitumbwi nchi kavu, wakakunja nyavu, wakabaki na usiku usio na kazi. Mvuvi wa dagaa ni mtu wa usiku: hulala mchana, jua likizama huingia ziwani, huwasha taa na kungoja dagaa waufuate mwanga. Ukimfungia ziwa miezi mitatu, mbali na kumkata riziki, unamwachia saa ambazo mwili wake hauzijui kuzilala. Kwenye mwalo wa Kibirizi saa hizo ziliishia kwenye vibanda umiza.

Kisa hiki ni cha kibanda kimojawapo. Mabati na turubai, mabenchi ya mbao, televisheni bapa, spika mbili zinazokoroma, na mlangoni ubao mweusi wa kuandikia kwa chaki mechi na sinema za siku. Kiingilio ni mia tano, ila ziwa lilipofungwa mwenye kibanda alishusha hadi mia mbili, na wengine akawaandika kwenye daftari. Usiku lilipozuka zogo sikuwepo. Nilisimuliwa na yeye na watu wanne watano waliokuwa ndani, na katika mambo makubwa masimulizi yao yanakubaliana. Kuanzia kesho yake nilikuwa naingia mwenyewe.

Juni na nusu ya Julai mpira ulimbeba, maana mashindano ya Ulaya kule Ujerumani yalionyeshwa karibu kila usiku. Fainali ilipochezwa 14 Julai, ligi kubwa zikiwa likizo, akabaki na mabenchi. Ndipo akaleta tamthilia ya Kikorea ya upelelezi, sehemu kumi na sita, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na DJ. Jina lake silitaji. Wapo ambao hawajaimaliza, na kisa chenyewe kinahusu mtu aliyewahi kusema.

Hadithi ni hii kwa ufupi. Katika mji mdogo wa bandari, muuguzi kijana anakutwa amekufa ndani ya ghala. Anayeweza kuwa kamuua ni mumewe mlevi, au tajiri mwenye ghala, au mke wa huyo tajiri, au askari mmoja anayeficha jambo, au daktari mkuu wa hospitali, mzee mpole anayetibu maskini bila malipo. Kila usiku zilionyeshwa sehemu mbili. Kufikia usiku wa tatu watu walikuwa wanawekeana dau la chai na chapati, na mchana ubishi ulihamia kwenye mitumbwi iliyokuwa ikizibwa na kupakwa rangi. Mwanamke mmoja muanikaji wa dagaa alisimama na mke wa tajiri, na hakuna aliyeweza kumng'oa hapo.

Usiku wa nne, katikati ya sehemu ya saba, kijana wa bodaboda aliyekuwa amesimama mlangoni akapaza sauti: "Mnajichosha bure! Aliyeua ni yule daktari mzee. Nimeiona yote kwenye simu."

Pakachafuka. Wengine walidai mia mbili zao. Wengine walitaka kijana awalipie kiingilio watu wote. Mwenye kibanda alisimamisha picha, akasimama mbele ya televisheni mikono juu, na kwa maneno yake mwenyewe alikuwa "anapiga hesabu ya hasara." Mjumbe wa mtaa alikuwa benchi la mbele, wakamgeukia aamue. Yeye akacheka, akasema hiyo kesi haimo kwenye daftari lake.

Aliyeituliza ni nahodha mmoja mzee. Wote walionisimulia wanayakumbuka maneno yake, kila mmoja kwa namna yake, lakini mtiririko ni huu. Alimwita kijana, akamuuliza taratibu: "Mwanangu, umesema daktari. Haya. Kamuulia nini?" Kijana akasema mtaona mbele. "Kaingiaje ghalani, na ufunguo anao tajiri?" Kijana akasita, aliiangalia akiwa kijiweni huku akisubiri abiria, pengine aliruka. "Na ile saa ya mkononi, nani kaiweka kwa mume?" Hajui. Mzee akamgeukia mwenye kibanda: "Washa, bwana. Huyu hajatuambia kitu."

Picha ikawashwa. Hakuna aliyetoka. Kesho yake watu walijaa kuliko siku zote zilizotangulia, hadi turubai la upande mmoja likafunguliwa walio nje waone.

Hapo ndipo penye swali. Sote tunajua, au tunadhani tunajua, kwamba hadithi ya upelelezi inauza siri moja: nani kaua. London kuna mchezo wa jukwaani wa Agatha Christie ulioanza mwaka 1952, na hadi leo kila unapomalizika watazamaji huombwa wasiende kumtaja muuaji huko nje. Kwa mantiki hiyo kibanda cha Kibirizi kilipaswa kubaki kitupu. Kwa nini kilijaa?

Jibu la haraka ni kwamba hawakuwa na pa kwenda. Ziwa limefungwa, mpira umekwisha, mia mbili inapatikana. Nililichukulia jibu hilo kwa uzito na nadhani lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Vibanda vya jirani vilikuwa wazi na vilikuwa na filamu mpya za ngumi. Watu wangeweza kuhamia huko kwa bei ileile. Halafu ziwa likafunguliwa. Dagaa hawavuliwi vizuri mbalamwezi ikiwa kali, kwa sababu taa ya mvuvi inashindana na mwezi, kwa hiyo kila mwezi kuna siku kadhaa mitumbwi inapumzika. Katika mbalamwezi ya Septemba, wavuvi wakiwa na hela mfukoni na mji mzima wa kutembea, walimwomba mwenye kibanda airudie tamthilia ileile. Akairudia kwa mia tano kamili, na nusu ya waliokaa walikuwa wameshaiona hadi mwisho.

Kwa hiyo hamu haikuwa ya jina. Nikaanza kuwaangalia watazamaji kuliko televisheni, na mabadiliko yalionekana kwa macho. Wale waliokuwa wakisimulia sehemu za mwanzo wanasema kila uso mpya ulizua kelele: "Huyu! Huyu!" Macho yalikuwa yanarandaranda. Baada ya kijana kusema, macho yote yalimtulia mtu mmoja. Walimtazama daktari mikono, walimtazama viatu. Kuna mahali ambapo mpelelezi, binti mmoja mkakamavu, anakwenda nyumbani kwa daktari kumwomba ushauri, na daktari anamwandalia chai. Kwa asiyejua, ni dakika tano za mazungumzo ya kawaida, hata za kuchosha. Kibanda kilikuwa kinapiga mayowe. "Usinywe! Dada, usinywe!" Mzee mmoja alivua kofia akaiweka magotini kama yuko msibani.

Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu, aliwahi kulieleza jambo hili kwa mfano wa bomu chini ya meza. Watu wawili wanapiga soga. Bomu linalipuka ghafla. Umewapa watazamaji sekunde kumi na tano za mshtuko. Lakini waonyeshe bomu mapema na saa ya ukutani, kisha waache wale wawili waendelee na soga yao ya kipuuzi, na umewapa dakika kumi na tano za kushika roho mkononi. Kijana wa bodaboda, bila kukusudia, aliwaonyesha bomu.

Wala jambo hili si geni kwa waandishi. Mwingereza R. Austin Freeman alichapisha mwaka 1912 hadithi ambazo msomaji anaoneshwa kwanza uhalifu wenyewe na mhalifu, kisha anafuatana na mpelelezi anayeanza bila kujua. Kwenye televisheni ya Marekani, Columbo alifanya hivyohivyo miaka mingi: muuaji unamjua kabla yule askari mwenye koti lililokunjamana hajafika. Watu walimngoja kila kipindi na hakuna aliyelalamika kwamba kapunjwa. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, waliwapa watu hadithi fupi 12, za upelelezi zikiwemo, wengine wakiambiwa mwisho kabla ya kuanza. Walioambiwa walizipenda zaidi. Mwaka 2015 watafiti wengine walipata kinyume, kwamba aliyeambiwa mwisho hufurahia kidogo. Sioni ajabu matokeo yakigongana. Nitarudi kwenye jambo hilo, kwa sababu Kibirizi nako yaligongana.

Lakini tukiishia kwa Hitchcock tutakuwa tumeeleza mayowe ya kwenye chai tu. Hatujaeleza maswali ya nahodha.

Angalia alichouliza. Kwa nini, kwa njia gani, na ule ushahidi uliompeleka mume rumande uliwekwa na nani. Hakumbishia kijana kwamba daktari si muuaji. Alikubali, "haya," kisha akamdai kilichobaki. Mhakiki wa fasihi Tzvetan Todorov aliandika mwaka 1966 kwamba riwaya ya upelelezi hubeba hadithi mbili, ya uhalifu ambayo imeshakwisha, na ya upelelezi ambayo ndiyo tunayoiona ikitembea. Kijana alileta jina kutoka hadithi ya kwanza. Ya pili hakuigusa kabisa, na ya pili ndiyo waliyokuwa wameilipia.

Na hapa nadhani pana jambo la Kigoma lenyewe. Huku kwetu kutajwa ni jambo la kweli. Kuna vijiji mkoani humu ambavyo vimepitiwa na kamchape, waganga wanaoitwa au wanaojileta kusafisha uchawi: huingia nyumba hadi nyumba, huchimba, hutoa kibuyu au pembe uvunguni, na mwenye nyumba hiyo anakuwa ametajwa. Jina la kamchape ni la zamani, lilivuma Ufipa miaka ya 1960, na serikali imekuwa ikipambana na ramli chonganishi kwa makatazo na kwa polisi. Aliyetajwa hana la kujitetea. Hakuna anayeuliza kile kibuyu kilifikaje uvunguni, na aliyekiingiza ni nani. Kuuliza tu kunakuweka upande wa mchawi.

Yule mwanamke muanikaji wa dagaa ndiye aliyenifungua macho, wala sikuwa nimemuuliza habari hizo. Nilimuuliza kwa nini anamtetea daktari hata baada ya jina kutajwa. Akasema: "Mimi simtetei. Nataka waseme kafanyaje. Bibi yangu mimi alitajwa, akahama kijiji kwa mguu. Mpaka kafa hakuna aliyesema kafanyaje." Kisha akarudi kwenye dagaa zake kana kwamba kaniambia bei ya ndoo.

Sisemi kila aliyekaa kwenye yale mabenchi alikuwa na bibi aliyehamishwa. Nasema kwamba kwa watu waliozoea jina kutangulia na ushahidi usifike kamwe, hadithi ambayo ushahidi lazima ufike ina utamu wa pekee. Maisha yasiyo na ushahidi wanayajua tayari. Kumjua muuaji mapema hakukuwaharibia kitu, kwa sababu mtaani wao hudhani wanamjua siku zote. Wasichokipata mtaani ni ile saa moja ambapo mtu anakaa mbele ya wote na kuonyesha: huu ndio ufunguo, hii ndiyo saa, huyu ndiye aliyeiona, na wewe, mzee mpole, usiku ule ulikuwa hapa.

Fasihi yetu ililijua hili mapema. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la hadithi la 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa 1960, na tangu jina lake kitabu kinamweka mzimu mbele ya msomaji: maiti imekutwa mahali pa kutambikia, na watu wana jibu tayari. Bwana Msa, mpelelezi wa kitabu hicho, na kiko chake haji kuwacheka wanaoamini mzimu. Anakuja kuuliza nani alikuwa wapi. Miaka mitano baadaye Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo, na humo mpelelezi ni askari wa mjini mwenye simu na gari. Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, akampa msomaji Joram Kiango, ambaye ni wa mbio na risasi zaidi kuliko wa kufikiri kwa kiko. Ukiniuliza mimi, watu wa kile kibanda ni wa ukoo wa Bwana Msa, hata kama wengi wao hawajawahi kumsikia. Walikuwa na subira ya ajabu kwa mambo madogo: risiti ya dawa, tope la kiatu, mlango unaofungwa kwa ndani.

Pamoja na hayo, tamthilia za namna hii hudanganya, na watazamaji wanajua zinadanganya. Katika sehemu ya kumi na moja mpelelezi alimpigia mkuu wake simu kuomba muda zaidi. Sauti moja kutoka nyuma ikasema kwa lafudhi ya mahakamani, "Mheshimiwa, upelelezi wa shauri hili haujakamilika," na kibanda kizima kikaangua kicheko. Kila mtu pale ana ndugu au jirani ambaye kesi yake imeahirishwa kwa maneno hayo. Hawakuwa wanadhani mpelelezi wa Korea ni askari wa kituo chao. Kicheko chenyewe kilikuwa cha watu wanaopima umbali kati ya wawili hao.

Sehemu ya kumi na sita daktari alikiri. Kulikuwa na mkataba wa dawa mbovu, muuguzi aliuona, ufunguo wa ghala alipewa na mke wa tajiri ambaye hakujua unakwenda kufanya nini. Muanikaji wa dagaa akasimama akadai chapati zake, kwamba bila ufunguo hakuna kifo. Ubishi huo ulichukua muda kuliko sehemu yenyewe, na mjumbe safari hii akakubali kuamua: akampa nusu.

Sasa lile la matokeo kugongana. Mwenye kibanda ni mfanyabiashara, na aliona kilichotokea. Oktoba alileta filamu nyingine ya upelelezi, ya saa mbili: wageni kumi kwenye hoteli ya mlimani, mmoja amekufa, kila mmoja ana siri. Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: MUUAJI NI MPISHI. NJOO UONE ANAVYODAKWA. Walikuja wengi kwa mzaha wa lile tangazo. Kufika nusu ya filamu, nyuso nyingi zilikuwa zinamulikwa na simu kwa chini, na wawili wa karibu yangu walikuwa wanapanga bei ya injini.

Tofauti haikuwa ngumu kuiona. Katika ile tamthilia, watu walikuwa wamekaa na daktari siku kadhaa. Walimwona akimbeba mtoto wa mvuvi mwenye homa usiku wa mvua, na walipoambiwa ni muuaji, kila wema wake wa nyuma ulibidi upimwe upya, na kila wema wa mbele ukawa wa kutisha. Jina liliongeza kazi. Mpishi wa hotelini alikuwa mpishi basi: kofia nyeupe, kisu, maneno sita. Filamu nzima ilikuwa fumbo lenye jibu moja, watu wake wamesimikwa humo wawe majibu ya kuchagua. Ukishalijua jibu hakuna kilichobaki cha kuangalia, na nadhani ndiyo sababu mojawapo watafiti wanaweza kupata ndiyo huku na hapana kule, kwa kutegemea hadithi walizozichagua.

Mwenye kibanda amefikia hapo kwa njia yake. Siku hizi huiangalia saa ya kwanza peke yake mchana kabla ya kuandika chochote. Kijana wa bodaboda amemkaribisha tena, kwa sharti kwamba akiimaliza filamu kwenye simu amwambie yeye tu, na kwa kazi hiyo anaingia bure. Mara ya mwisho nilipopita, ubaoni palikuwa na saa ya kuanza, kiingilio mia tano, na maneno "leo muuaji hatajwi." Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia ameiangalia, humo ndani hajaona hata mtu mmoja wa kumwonea huruma, sasa akishamtaja muuaji atakuwa anauza nini?